Kinu Kinatwanga, Mutu Hakuna

Jumanne, 10 Juni
Mungu wangu! Nimerushia mwiko mutu asiyekuwepo. Mume wangu Hemedi amerudi kutoka Salamabila na mashini ya michezo ya televisheni na bafle tano za kutolea sauti, kila moja na kona yake. Nilikuwa napita na mutoto wetu Zakaria mgongoni, mara mtu akakohoa nyuma ya shingo yangu. Kumbe askari wa mchezo! Hemedi akacheka, akasema sauti inatokea pale pale kitu kilipo. Mama yake, aliyefika juzi kwa pikipiki kutoka Kabambare, hakucheka. Alisema bibi wa kushtukashtuka ni bibi wa usingizi, na kwao bibi anayelala mchana anarudishwa kwa wazazi.
Wazazi wangu wako Lusangi. Zakaria anaota meno. Sijalala tangu Pasaka.
Pale pale kitu kilipo... Nimewaza hayo nikifua nepi.

Jumatano, 11 Juni
Imewezekana! Nilijirekodi kwa simu nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Hemedi alipoenda dukani, nikavuta waya wa bafle moja ya nyuma hadi jikoni uani, nikaificha ndani ya kuni. Zingine nikazinyamazisha, kisha nikaunga simu kwenye mashini. Tu! Tu! Tu! Mama Hemedi, barazani, akasikia mkamwana anatwanga. Mkamwana alikuwa chumbani, mkekani, mutoto kifuani. Saa nzima!
Jioni, pigo. Aliuliza sombe iko wapi. Sombe! Sikuwa nimefikiria sombe. Nikasema nimempa jirani Apolline yote. Akanisifu kwa roho nzuri. Tukala maharagi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwisha. Huku kwetu, ukisikia mwenzako anatwanga peke yake muda mrefu, unachukua mchi wa pili, unaenda kupokezana. Leo, kinu cha simu kikitwanga tena, Mama Hemedi alinihurumia. Akachukua mchi, akaenda.
Niliamshwa na ukelele: "Yo mama! Kinu kinatwanga, mutu hakuna!"
Nikatoka mbio, alama za mkeka shavuni. Kinu kimepinduliwa, kuku amekaa juu yake, na tu! tu! tu! inaendelea. Nusu ya mtaa uani. Apolline akapaza sauti kwamba ni marehemu nyanya wa Hemedi, anadai chakula chake. Hemedi akafika, akainama, akavuta bafle kutoka kwenye kuni.
Mama Hemedi akamgeukia Apolline, akamuuliza kuhusu sombe ya jana.
"Sombe gani, mama? Mie nilikula dagaa."
Nimefunga vitenge vyangu kwenye mfuko. Na nepi.

Ijumaa, 13 Juni
Niliitwa. Nikapiga magoti, Zakaria akinivuta nywele. Mama Hemedi alinitazama mpaka nikaanza kulia. Kisha akasema, pole pole, kwamba alipomzaa Hemedi alikuwa anajificha kulala katikati ya mihogo, akimwogopa mama mkwe wake. Akasema kuanzia kesho nitalala kila mchana, mutoto atambeba yeye.
Sikuamini masikio yangu, na wiki hii nina sababu.

Jumamosi, 14 Juni
Nimelala? Nani amelala! Mama Hemedi ameketi mlangoni pangu kama mlinzi, Zakaria mapajani. Anafukuza kuku. Anawagombeza wapita njia: "Nyamazeni, mutoto wa watu iko analala!" Na kila dakika tano anafungua mlango kidogo, anauliza kama usingizi umekuja. Upendo mwingi, usingizi hakuna.
Kumwambia ukweli? Hapana, ataumia, maskini.
Hemedi ametoka. Nimejirekodi nikikoroma, dakika arobaini, safi kabisa; akisikia hivyo hatafungua mlango tena. Bafle inaingia vizuri chini ya kitanda. Nitapita dirishani, nikalale kwa Apolline.