Filimbi ya Kapita

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kapita wetu, msimamizi wa wafanyakazi, amehamia Bunagana kwa wakwe zake. Kiti kiko wazi! Mama Emerance, mwenye shamba la maua, ametangaza asubuhi, sisi tukiwa kwenye umande na makasi mkononi: atakayetunza vizuri roza za arusi ya Jumamosi ndiye kapita. Anayeolewa ni binti yake mwenyewe, kule Goma. Wagombea ni wawili, mimi na Béata. Yaani mmoja. Sikatai, Béata anakata roza mia mbili kabla jua halijatoka hapa Kibumba. Lakini mkono si kichwa.

Jioni nimenunua filimbi. Kapita bila filimbi ni nani? Mke wangu Christa ameuliza kama nimekwisha kuchaguliwa. Nimejibu ni kama tayari. Ameenda kuwaambia wanakwaya wote.

Jumatano, tarehe 5

Tumekata. Béata anasema roza hukatwa zikiwa zimefumba, zitafunguka zenyewe. Zenyewe! Kwa baridi hii? Nimemweleza Mama Emerance kwamba bibi arusi hawezi kushika maua yaliyolala usingizi. Amesema kila mmoja achunge ndoo zake: ishirini za Béata, ishirini zangu, kila mmoja na chumba chake. Vizuri sana.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepata! Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Ndizi mbichi alizifukia pamoja na chache zilizoiva, na baada ya siku kadhaa zote zilikuwa tayari kukamuliwa. Kama ndizi inakubali, roza ni nani ikatae? Nimeleta mikungu miwili iliyoiva kutoka mtaa wa Mapendo kule Goma kwa pikipiki, nikaipanga kati ya ndoo, nikaziba dirisha kwa gunia.

Mlangoni Mama Emerance ameandika kwamba matunda ni marufuku humu. Hiyo ni kwa ajili ya wachafu wanaotupa maganda. Mimi sitatupa hata moja.

Béata amesikia harufu. Amekuja polepole, akanishika mkono. "Papa Nsabimana, toa hizo ndizi. Mutu akikatazwa, ajue iko sababu."

Wivu. Masikini Béata.

Ijumaa, tarehe 7

Nimechungulia. Zimefunguka! Zote! Nimeshindwa kujizuia, nimepuliza filimbi mara moja. Petali mbili tatu zimeanguka. Zilikuwa za ziada.

Jumamosi, tarehe 8

Alfajiri nimeinua ndoo ya kwanza. Petali zote chini! Zimebaki fimbo na miiba. Ya pili vilevile. Ishirini! Nimekaa kati ya ndizi (zimeiva vizuri, lazima nikiri) nikalia kweli, nikiwaza Christa na kwaya yake. Mama Emerance amesimama mlangoni, akanionyesha kwa kidole yale maandishi yake. Afadhali angenitukana.

Béata, ambaye roza zake zote ziko salama, hakunicheka. Ameleta vikapu, akazoa petali zote, akasema zitarushwa bibi arusi akitoka kanisani. Kisha amewapeleka wenzetu shambani kukata nyingine za kujaza ndoo zangu, na jua bado halijatoka. Pale kanisani petali zilimwagika, akina mama wakapiga vigelegele, hata padri akapigwa kichwani. Arusi nzima inazungumzia petali.

Jumatatu, tarehe 10

Béata ni kapita. Mimi nimepewa lundo la mbolea, peke yangu, nyuma ya vyoo.

Saa nne amekuja kuniomba filimbi, kwa adabu, kwa sababu yeye hana. Nimempa. Nilijisikia vibaya kidogo, mpaka alipoipuliza na watu wanane wakaja mbio. Wanakimbilia filimbi ya nani? Na zile petali zilizosifiwa, nani aliziangusha?

Jioni Christa ameniuliza, huku anatazama chini, kama kweli mimi si kapita. Nimemwambia shamba lote linatii filimbi yangu. Ameguna. Kesho atawaeleza wanakwaya.

Béata ana ndoo kumi za yungiyungi kwa misa ya Jumapili, na bado zimefumba. Hata hajaniomba msaada, lakini mimi si mutu wa kinyongo. Nimemwekea avoka sita, matunda yaliyoiva sawasawa, chini ya meza. Kosa lilikuwa la ndizi.