Gari la Kumleta Fuadi

Jumanne, 6 Januari 2026

Fuadi ameniomba ushauri! Mimi!

Ujumbe wa sauti, dakika mbili na sekunde kumi na nne, kutoka Glasgow. Mdogo wangu anataka kununua gari la mbio. Porsche. Amechuja, yamebaki mawili, yote ya kampuni moja, sura karibu moja: Carrera na GT3. Hajui lipi litamfaa kwa kwenda kazini kila siku. Akasema, Kaka Shuaibu, wewe ndiye dereva wa ukoo, nishauri.

Dereva wa ukoo! Naendesha bajaji. Magurudumu matatu, moja limechoka. Lakini amesema kweli. Mwingine nani?

Mwaka 2019, tulipomzika Baba, Fuadi alipiga simu akalia. Kisha akasema siku akinunua gari lake atalipakia melini alilete Kismayu, tulitoe bandarini pamoja tuje nalo mpaka nyumbani, Mama kakaa nyuma. Pengine amesahau. Mimi sikusahau. Aliondoka 2009 na shati langu la mistari. Shati nimesamehe. Miaka kumi na saba sijaisamehe.

Kwa hiyo swali si gari gani linafaa Glasgow. Swali ni gari gani litaweza kufika mlangoni kwetu. Likishafika, kazi imekwisha. Nani amewahi kuliona gari likipakiwa Kismayu kurudi Ulaya? Hakuna. Na mtu hukaa lilipo gari lake.

Mpango nimeuandika kwa wino mwekundu. Hauna hata tundu.

Jumatano, 7 Januari

Nimetazama video mpaka bando likaisha mara mbili. Matokeo: GT3 haina viti vya nyuma. Hamna kabisa! Ni ngumu, ina kelele, mgongo wako utalisoma kila jiwe la barabara. Carrera ni laini zaidi, haipigi makelele, na ina viti viwili vidogo nyuma. Carrera, basi. Mama nyuma. Imekwisha.

Haikwisha. Nilifanya kosa la kufurahi mbele ya watu.

Adnan naye ana bajaji. Hupanga foleni nyuma yangu kituoni, ana vioo sita na honi kama ya meli. Yeye na Fuadi walikua pamoja kisiwani Chovai. Nikamweleza. Akatafuna bajia yake pole pole, akasema GT3. Mtu aliyepigwa na baridi miaka yote hiyo, kasema, ana haki ya kitu kinachonguruma. Nikamuuliza Mama atakaa wapi. Akaniuliza Mama anakwenda wapi, Glasgow?

Halafu akatoa simu amwambie Fuadi mwenyewe. Ana namba yake! Nikauliza tangu lini. Anasema huzungumza kila Ijumaa. Kila Ijumaa! Mimi nduguye, tumbo moja, napata mara moja kwa mwezi, tena mwezi ukiwa mwema. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimerudi nyumbani bila kumuaga, na chai yake nimeiacha nusu ili ajue.

Ijumaa, 9 Januari

Maneno ya Adnan yatashindwa na vipimo. Baada ya swala nimekwenda kwa Ami Famau, mdogo wa Baba, anayeunda vyombo pale ufukweni. Nikampa karatasi yenye picha. Hakuitazama. Ami hajawahi kuunda chombo kwa karatasi. Aliniuliza mambo matatu tu: urefu, upana, na uzito umekaa wapi. Nikamwambia urefu dhiraa kumi, upana dhiraa nne, injini iko nyuma kabisa.

Akauliza nani aliyeweka uzito wote tezini, nyuma ya chombo. Nikasema Wajerumani. Akasema hao hawajawahi kuvuka mkondo.

Lakini amekubali kunijengea kiunzi, cha kujaribia njia. Mbao atatumia mataruma ya mashua iliyokufa, mbavu zake bado nzima. Magurudumu ya mkokoteni. Hakuuliza ni cha nini. Nikamwambia mwenyewe: ni cha kumrudisha Fuadi. Akachagua mbao nyingine, nzuri zaidi.

Jumapili, 11 Januari

Siku nyeusi.

Kiunzi kilikuwa tayari saa mbili asubuhi. Kizuri! Kimelala chini, nusu shibri tu toka ardhini, kama gari lenyewe. Nikataka kukifunga kwenye bajaji niondoke. Ami akanizuia. Kwao mafundi, chombo hakikubaliwi kikiwa kitupu, lazima kipakiwe kwanza kionekane kinakaaje. Tukaweka magunia matatu ya mchanga nyuma, mahali pa injini. Tezi ikazama, omo, pua yake, ikatazama mbinguni. Ami akacheka kwa uchungu: alijua. Dawa yake ni farumi mbele, uzito wa kukisawazisha. Magunia mawili omoni. Kikakaa sawasawa.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna video iliyolisema. Carrera haina injini mbele, ina nafasi ya mizigo. Mbele! Tupu! Mjerumani mwenyewe ameacha nafasi ya farumi, ila hakuwaambia watu.

Tukaanza safari, mimi na bajaji mbele, gari la Fuadi nyuma kwa kamba. Bandarini mpaka sokoni, salama. Shimo la kwanza, salama. Watu wanapunga mikono. Mmoja akauliza bei. Moyo ukanijaa, nikaiona siku yenyewe: Fuadi kashika usukani, mimi kando yake, Mama nyuma anamwambia apunguze mwendo. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Kisha tuta la kizuizi cha askari. Kiunzi kikapanda, kikakaa juu ya tuta kwa tumbo, hakiendi mbele hakirudi nyuma.

Askari akaniita, waryaa, wewe, hiki nini? Nikasema gari. Injini iko wapi? Nikamwonyesha magunia. Akayafungua moja moja mpaka chini, akakuta mchanga. Akauliza mchanga wa nini. Nikasema hayo matatu ni injini, yale mawili ni farumi. Wakanikalisha saa moja na nusu. Wakamwita mkubwa wao, naye akaja akauliza yale yale, nami sikuwa na majibu mengine.

Foleni ya magari nyuma yangu mpaka sokoni. Na katika foleni hiyo honi moja kama ya meli. Adnan! Kasimama juu ya kiti, simu mkononi, anarekodi.

Jumatatu, 12 Januari

Amemtumia Fuadi video. Hasidi hana sababu.

Asubuhi ukaja ujumbe wa Fuadi. Dakika tatu, mbili ni kicheko. Kicheko kile kile cha kukosa pumzi mwishoni, kama mtu aliyemeza maji ya bahari. Nilidhani kimekwisha duniani. Nimeusikiliza mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nikaenda nao chooni, nikalia kidogo, nikanawa uso.

Mwisho wa ujumbe anauliza, lakini kaka, kwa nini?

Sikumjibu kwa nini. Nimempelekea ripoti. Moja, Carrera. Mbili, achukue kile kifaa cha kuinua pua ya gari, tuta letu lina shibri nzima. Tatu, magunia mawili ya mchanga mbele, mchanga mkavu, usiwe wa bahari, utatia kutu. Nne, viti vya nyuma nitavijaribu leo na kumpa taarifa.

Nimevijaribu. Kiunzi kiko uani. Nimemwomba Mama aingie nyuma. Mama yangu Bimkubwa si mtu wa kuombwa mara mbili wala wa kukunjwa mara moja. Aliingia kwa ubavu. Akasema, kwa lahaja yetu ya nyumbani, kiti hiki kimetengenezwa kwa mchu asiye na miguu. Nikamwambia ndiyo gari bora duniani. Akasema dunia ina shida.

Akauliza Fuadi atakaa wapi. Nikamwonyesha kulia, gari la Uingereza usukani uko kulia. Akaweka mkono juu ya ule ubao, mahali ambapo bega la Fuadi lingekuwa. Nikamwambia jaribio limekwisha, atoke. Hakutoka. Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Tukamtoa mimi na jirani yetu Wardah, mmoja kila mkono.

Akajipangusa vumbi, akaniambia, Shuaibu, mimi sikuuliza gari gani. Niliuliza mwezi gani.

Sikumpelekea Fuadi maneno hayo. Mtu hasukumwi. Ukimuuliza mtu waziwazi utakuja lini, unampa nafasi ya kusema siji. Mimi siwezi kulisikia neno hilo. Heri tuzungumze matuta.

Jumamosi, 17 Januari

Siku tano, kimya. Ripoti ina alama mbili za buluu. Ameisikiliza. Hajibu.

Leo nimejua kuwa sasa hatajibu kabisa. Nilimkuta Adnan kituoni, kichwa chini, honi hapigi. Anasema jana, Ijumaa yao, Fuadi alimuuliza kile kiunzi kilikuwa cha nini hasa. Adnan akamwambia. Yote! Akamwambia wachu wa kwenu wamechoka kukungoja, mama yako anakaa ndani ya mbao uani akiulizia mwezi, na kaka yako anaogopa kukuuliza. Wardah ndiye aliyemhadithia. Fuadi akakata simu.

Nilimwambia Adnan maneno ambayo sitayaandika, daftari hili lina Bismillahi ukurasa wa kwanza. Mwaka mzima nimekwenda kwa ncha za vidole! Miaka saba, ukihesabu toka msiba! Na yeye kaingia na viatu.

Amekula bajia mbili tu. Kawaida hula sita. Sijali.

Jumatatu, 19 Januari

Kimya. Mama hajaniuliza kitu. Amekaa ndani ya kiunzi asubuhi na kisamvu cha kuchambua. Nilijifanya natengeneza gurudumu.

Nimefikiria kama Fuadi akinunua GT3. Kiti kimoja, na kingine cha mkoba. Gari la mtu aliyekwisha amua kuwa hakuna atakayekaa nyuma. Asiyekuwapo na lake halipo, nasi kule kwake hatupo. Nimeliona hili waziwazi nikiwa na abiria, nikampitisha kwake nyumba tatu.

Jumanne, 20 Januari

Amepiga! Si ujumbe. Simu!

Anasema alikwenda kwa wauza magari Jumamosi. Akakaa ndani ya GT3, akakaa ndani ya Carrera. Akamuuliza muuzaji, kwa adabu, magunia ya mchanga huwekwa wapi. Muuzaji akaenda kumwita mkubwa wake. Fuadi akamweleza na huyo, na huku anaeleza akaona hawezi kumaliza. Akatoka nje akasimama kwenye mvua.

Hakununua. Lolote! Badala yake amekata tiketi. Anakuja. Kwa ndege. Kabla ya Idi kwa siku mbili, na mkoba mmoja.

Nikampa Mama simu maana mimi nilikuwa sioni vizuri. Mama hakusema neno zito. Alimuuliza kama bado anakula papa. Kisha akakaa chini pale pale, kwenye kizingiti, na simu imeshakatika bado kaiweka sikioni.

Adnan kapiga honi mtaa mzima. Nimemwacha. Nimempa hata mkono, mkono wa kushoto kidogo.

Jumatano, 21 Januari

Nimeamka nikahesabu tarehe za tiketi aliyonitumia. Siku kumi! Tiketi ya kwenda na kurudi! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu ya kumi anapanda ndege! Hili ndilo nililolikimbia. Mwenye gari hukaa lilipo gari lake, mwenye mkoba huubeba. Adnan na ukweli wake ameharibu kila kitu.

Nilimweleza Mama hatari hii. Alikuwa anafua mashuka ya kitanda cha Fuadi, mashuka ambayo hayajalaliwa. Akaniambia akifika, mwambie tu kaa. Neno moja. Mwambie, mwanangu, kaa.

Nimelifikiria, nikinywa chai, kwa haki kabisa. Ni neno fupi mno. Mtu mzima hashikwi kwa neno la herufi tatu. Mama ana moyo mzuri lakini hana mkakati.

Kwa hiyo nimekwenda kwa Ami Famau. Nimemuuliza mashua ya dhiraa ishirini huchukua muda gani kuundwa. Anasema mwenyewe akiwepo kuchagua kila ubao, miezi mitano. Asipokuwepo, haanzi. Mwenyewe lazima awepo! Desturi yao hiyo, mimi sikuitunga! Nilitaka kumbusu.

Nimemrekodia Fuadi ujumbe wa dakika tisa. Kwamba kuna mashua za aina mbili, moja yenye tezi kali kwa mwendo, nyingine yenye tezi pana kwa mizigo, na sisi huku hatujui ipi itatufaa kwa kazi za kila siku. Kwamba yeye ndiye mwenye jicho katika ukoo. Kwamba jambo hili haliamuliki kwa simu, lazima aone mbao, azipige kwa kidole, azisikie.

Nimemwambia asiharakishe kuchagua. Achukue muda wake wote.