Kitabu cha Kumpa Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Fundi Saa kapata chumba cha kona. Kile chenye dirisha! Katutangazia saa nne, wakati wa chai, mimi na Mpiga Kopi. Kinatosha mabenchi mawili, kwa hiyo anataka mwenzake mmoja. Atakayeachwa abaki hapa hapa chini ya ngazi na balbu yetu moja inayopepesa.

Mimi nachonga funguo. Macho yameanza kunisaliti. Wiki iliyopita zimerudishwa funguo nne, hazifungui hata kabati. Mteja mmoja kaniuliza kama nilichonga kwa meno. Bila lile dirisha kazi yangu imekwisha, na kazi nyingine siijui.

Fundi Saa ni mwanamke mraibu wa riwaya za upelelezi. Anasema kachoshwa na muuaji anayezuka ukurasa wa mwisho, mtu ambaye hata hukuwahi kusalimiana naye. Kila mmoja wetu ampe riwaya moja, yenye kushika roho na iliyoandikwa kwa ufundi. Mtu wa kukaa naye chumba kimoja, kasema, atamjua kwa kitabu anachompa. Jumamosi ataamua.

Mpiga Kopi katabasamu. Kwa nini katabasamu? Huyu anajua kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimechagua riwaya! Mwokaji mikate kakutwa amekufa ndani ya kiwanda chake, mlango umefungwa kwa ndani. Kitasa! Nani wa kupendekeza kitabu cha vitasa kama si mimi?

Hapa naweza kukiri, maana daftari hili halisomwi na mtu. (Nalificha nyuma ya kabati la vyombo. Dada yangu mkubwa ninayeishi naye simwamini.) Sijawahi kusoma riwaya ya upelelezi tangu mwanzo. Naanza na sura ya mwisho. Nikishamjua muuaji roho inatulia, nafunga kitabu. Kukaa kurasa mia mbili na mtu mbaya nisiyemjua? Siwezi! Si udanganyifu. Ni tahadhari.

Nikampa Fundi Saa pamoja na sifa zake: lugha inateleza, dalili zote ziko mezani, msomaji haonewi. Nyingine nilizitoa jalada la nyuma. Kafurahi sana. Kaniita ndugu yangu. Ningependa neno jingine, lakini tuanzie hapo.

Mpiga Kopi naye kaleta chake, chembamba, kimefungwa gazeti. Gazeti la nini? Eti kulinda jalada. Hebu!

Fundi Saa kavifungia vyote viwili kwenye droo yake.

Jumatano, 5 Machi

Mashine ya kopi imenguruma asubuhi nzima. Anatoa nini? Nikahisi anatoa nakala ya sura ya mwisho ya kitabu changu ili anichafulie. Nikajipeleka kutoa kopi ya kitambulisho, nichungulie. Karatasi za mitihani ya shule. Labda. Nikaomba nyingine mbili nipate kuchungulia vizuri. Sasa nina kopi tatu za kitambulisho na sijajua lolote.

Mchana balaa. Fundi Saa kafika sura ya sita, macho yanamng'aa. Kasema kitabu kimemshika mpaka mteja kagonga meza mara mbili hakusikia. Halafu kaniuliza, yule shangazi nilimwonaje?

Shangazi! Sura ya mwisho haina shangazi yeyote. Nikamwambia simwamini hata kidogo, kule kupanda na kushuka ngazi kumezidi kwa mtu asiye na la kuficha. Kanitazama. Kasema "haya" moja ndefu, karudi kwenye saa zake.

Nadhani nimemvutia.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yameharibika. Fundi Saa kamaliza changu, kaanza cha Kopi. Kacheka peke yake! Kisha kashika mdomo. Kisha kageuza ukurasa bila kugusa chai yake. Chai imepoa kabisa, nimeichunguza mwenyewe. Nikajiona chini ya ngazi, kipofu, nimeshika tupa yangu ya kuchongea.

Hali mbaya inataka hatua. Ile kufuli ya droo nilimfungia mimi. Na kila ninayemchongea ufunguo, nabaki na mmoja. Tahadhari tu.

Saa nane kaenda kumpelekea mteja saa ya ukutani. Kopi kaenda kununua karatasi. Nikafungua droo. Nikasoma mwisho wa kile chembamba nimesimama. Kumbe daktari wa meno! Nikachukua kadi, nikaandika "Muuaji ni daktari wa meno", nikaichomeka ukurasa wa tisini, mbele kidogo ya alipofikia. Utamu wote kwisha! Nikafunga droo, nikakaa kwangu nikapiga mluzi.

Hakuna aliyeniona. Kazi safi kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya, lakini naandika.

Fundi Saa katukalisha kwenye viti vya wateja, yeye kasimama. Sikupenda alivyosimama. Kasema, bila kupandisha sauti, kwamba kuna mtu kamharibia riwaya. Nikaruka juu. Nikasema aibu gani hii, ni Kopi huyu huyu, kakiharibu chake ili nishukiwe mimi, nani mwingine wa kuchomeka kadi ukurasa wa tisini!

Kopi kauliza, kwa upole wa kuudhi, ni nani aliyetaja kadi. Na tisini imetoka wapi?

Nikasema nimekisia.

Fundi Saa kaendelea taratibu, kama anayefungua saa, skrubu moja moja. Droo haikuvunjwa. Kadi ni ya duara yenye tundu, zile ninazofunga kwenye funguo za wateja. Nyuma yake imeandikwa "mlango wa choo", kwa mwandiko wangu. Kurasa zina vumbi la shaba. Na yule shangazi wa sura ya sita hajanyanyuka kitandani tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho! Hapo Kopi kacheka mpaka kashika ukuta.

Lakini Fundi Saa hakucheka. Kasema kitabu changu ni kizuri kuliko vyote alivyosoma miaka hii. Alikuwa na maswali kumi ya kuniuliza. Kumbe kapewa na mtu asiyejua alichotoa.

Niliona haya, nisidanganye. Nikamweleza kila kitu: sura za mwisho, ufunguo wa ziada, macho. Ufunguo nikamrudishia. Katoa riwaya yake anayoipenda, kikuukuu, sura ya mwisho imeachia gundi. Hiyo sura kabaki nayo. Nyingine yote kanipa. Nisome tangu mwanzo, Jumatatu nimwambie ninamshuku nani na kwa nini. Hata nikikosea, kasema, hata nikikosea kabisa, mradi nimesoma kweli, benchi la dirishani ni langu. Kama sivyo, ni la Kopi.

Nilitaka kulia. Mwanamke ana moyo huyu!

Jumapili, 9 Machi

Nimeapa mbele ya dada yangu kwamba nimebadilika. Kaguna tu.

Ukurasa wa kwanza: vizuri! Wa pili: vizuri sana! Wa tatu mshonaji nguo kaingia amechelewa, viatu vina tope, na hakuna anayemuuliza. Kwa nini hawamuulizi? Wa nne nikatoka jasho. Nikaruka mpaka nyuma. Nyuma hakuna kitu, uzi tu! Dada kaniambia nisome tu, si kitabu tu, kwani kitaniuma? Hajui mateso.

Nikaenda nyumbani kwa Kopi. Yeye alishaazimwa kitabu hiki mwaka jana. Nilidhani atanifukuza. Wapi! Kanikaribisha ndani, kanipa kiti kizuri. Kasema muuaji ni tarishi. Kanipa na ushahidi wote: glavu, barua ya buluu, jino la dhahabu. Anakumbuka vizuri ajabu, alikuwa akitazama dari na kuyataja moja moja. Nimeyaandika mkononi.

Nimemhukumu bure mtu huyu. Nimemwomba radhi kabisa, tukashikana mikono. Kesho asubuhi naenda kwa Fundi Saa kifua mbele. Na kwa kuwa sasa tu marafiki, nimemwazima Kopi futi yangu ya kupimia. Kuna kitu anataka kupima kesho pale chumba cha kona.