Ukoo Wangu Tanurini

Jumatatu, 3 Machi

Siku tukufu! Mkuu wa Maabara ametangaza rasmi: ajira ya kudumu ni moja, wagombea ni wawili. Mimi, mhitimu wa daraja la kwanza. Na dada wa meza ya jirani, tunayemwita Sindano kwa kuwa hakosi pa kuchoma. Kila mmoja ataweka data za nguvu za vijiti vyake vya alumini, vilivyopikwa tanurini, katika hazina ya pamoja, wazi kwa watafiti wa dunia nzima. Ambaye data zake zitawafaa wengi, ndiye. Sindano akauliza papo hapo iwapo namba zitaambatana na maelezo. Swali la kitoto. Ukimpa mgeni kila kitu mlangoni, atakukumbuka kwa lipi?

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka! Namba tupu, safi, zinazong'aa. Joto la tanuri lililokipika kila kijiti nimelificha kwa hekima: kila kimoja nimekipa jina la mtu wa ukoo wangu, kulingana na hasira zake. Mpole, joto dogo. Mkali, joto kali. Bibi, Mjomba, Baba Mdogo, Shemeji, Shangazi. Hapakuwa na haja ya kuandika chochote. Atakayetaka kujua ataniandikia, na jina langu litatangulia katika makala yake. Sindano alichungulia akauliza, eti kaka, huyu Shangazi ni nyuzijoto ngapi? Nilimjibu kwamba sayansi ina adabu zake. Akasema basi akina Shangazi watanifunza hizo adabu. Wivu!

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna barua. Data za Sindano zimekwisha kutumiwa na vikundi vitatu. Nimesoma maelezo yake: aina ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, joto, muda, kimepozwa kwa maji au kwa hewa, mashine gani iliyokivuta hadi kikakatika. Makavu kama maandishi ya pakiti ya sabuni! Mtu anasoma, anaelewa, anakwenda zake. Hata haja ya kumtafuta mwandishi hana. Nilimhurumia kwa dhati.

Ijumaa, 7 Machi

Barua! Mama mmoja, mtafiti wa ng'ambo anayeunda viti vya magurudumu, ameona kwamba Shangazi ana nguvu kuliko wenzake wote. Anaomba kujua joto lake. Nilitaja sharti: jina langu kwanza. Amekubali bila kinyongo! Nilipita mbele ya meza ya Sindano mara kadhaa bila sababu ya msingi.

Kisha nikaketi kujibu. Tatizo dogo la kiufundi. Nilipokuwa nikivipa vijiti majina, Shangazi alikuwa amenuna, au alikuwa ameshapatana na Shemeji? Aliyerusha kiti kwenye harusi ya dada yangu ni yeye, au ni Baba Mdogo? Nilimpigia simu mama yangu, nikauliza kitaalamu nani ana hasira zaidi katika ukoo. Mama kwanza alitaka kujua kama nimekula. Kisha akasema shangazi yako ni maji ya mtungini, hana neno na mtu. Tena ngoja nimwambie unavyomsema. Haikupita muda, Shangazi akapiga. Nilimsikiliza simu ikiwa mbali na sikio. Aliniita mtovu wa adabu niliyesomeshwa bure. Ushahidi usio na shaka! Nimemjibu mtafiti: nyuzijoto mia tano na arobaini.

Jumatano, 12 Machi

Mtafiti amemwandikia Mkuu. Alipasha kijiti chake joto nililolitaja, kikatoka laini, kikapinda mkononi kama waya. Anauliza kwa upole iwapo maabara yetu ingependa mgonjwa akalie kitu hicho. Mkuu aliniita, akataka joto halisi la Shangazi. Nilieleza kwamba hutegemea alivyoamka. Akasema, kijana, namba isiyo na maelezo ni kelele tu. Data zangu zinaondolewa. Ajira anapewa Sindano. Nami nitarudia majaribio yote chini ya usimamizi wake.

Kwa maneno mengine, Sindano amepewa kiti, mimi nimekabidhiwa tanuri zima. Alikuja kunipa pole. Akasema kaka, wewe andika tu joto pembeni ya namba, yaishe. Ni rahisi kwake. Hana siri yenye thamani.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekamilisha! Maelezo yamejaa pomoni: aloi, joto, muda, maji, mashine. Sindano ameyapitia, ameridhika, amenipa mkono mbele ya Mkuu. Tetesi zinasema nafasi nyingine ya ajira inanukia. Nami sikulala bure. Kila joto nililoliandika nimelipunguza kwa kiasi kimoja, ninachokijua mimi peke yangu. Atakayetaka ukweli ataniandikia. Kiasi chenyewe sikukiandika popote. Ni kidogo mno, hakiwezi kunitoka kichwani. Kumi na tano. Au hamsini na tano? Haidhuru. Atakayeuliza nitamjibu bila kusita.