Kilatini Penye Bomba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Newala. Maji hayajatoka tangu juma lililopita. Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa bomba la mtaa, ambaye ndiye hukaa na ufunguo. Tunagombea wawili: mimi na Mama Grace, muuza mihogo ya kukaanga. Nimefundisha Kiingereza hapa mpaka watoto wa wanafunzi wangu, na bado naitwa yule Mpare. Nikishika ufunguo, nitakuwa mtu wa hapa.

Nina mbinu. Neno la Kiingereza "rival", yaani mpinzani, nahisi lina maji ndani yake. Nikithibitisha, Mama Grace ataona bomba linataka msomi, atajitoa mwenyewe.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda Lukuledi kwa Mzee Ambrosi, aliyesoma Kilatini seminari. Amethibitisha. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao wakalitoa katika Kilatini: "rivus" ni kijito, "rivalis" ni mtu mnayechota naye kijito kimoja. Akauliza kama nimepita nyumba kwa nyumba kuomba kura. Nikasema hoja itaniombea. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nimerudi usiku. Maji yalitoka mchana, mimi sipo. Mama Grace ameniwekea dumu moja mlangoni. Rushwa ya wazi. Nimeliingiza ndani.

Jumamosi, 13 Septemba

Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mama Grace alisimama penye bomba, ndoo za mtaa zikiwa foleni hapo tangu alfajiri. Aliwaamkia wazee shikamoo, akasema mnanijua, akanyamaza.

Mimi nikaanza na Warumi. Nilipofika kwa Wafaransa, Bibi Sijaona akauliza kama hao ndio wanaoleta maji. Nikasema hapana. Akasema basi waruke, Mwalimu, jua kali.

Sikuwaruka. Bomba likakohoa. Watu wote wakakimbilia ndoo zao. Mtendaji wa mtaa, msimamizi wa kura, akautazama mstari ule mrefu nyuma ya Mama Grace, akamtangaza mshindi. Nikapinga: ile ni foleni ya maji! Akaniuliza, na wewe Mwalimu umesimama wapi? Nilikuwa wa nne, ndoo mkononi.

Mama Grace amenishukuru kwa kura. Mbele ya watu ameniita mwenzetu. Kejeli tu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeona kosa. Nilichagua neno baya. "Candidate", mgombea, nalo ni la Kilatini: "candidatus", aliyevaa nyeupe. Warumi waliomba kura wakiwa na mavazi meupe. Mimi jana nilivaa kahawia.

Uchaguzi ujao hawaniwezi. Nimeloweka suti yangu nyeupe kwa maji yote niliyochota jana. Chai leo sijanywa.