Nukuu ya Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kuamini kwamba kizuri chajiuza. Makala ya kisayansi haijiuzi. Miaka thelathini na moja nimechunguza kuvu wa homa ya bonde, yule anayelala kwenye udongo wetu wa Arizona mpaka upepo umwamshe na kumwingiza mapafuni mwa watu na mbwa wao. Nimeona wenzangu wakichapisha, wakanawa mikono, wakaenda zao. Kosa! Makala hutembezwa.

Nieleze kidogo. Hapa chuoni mtu hupimwa kwa nukuu. Ukiwa na makala arobaini, na kila moja imetajwa na watafiti mara arobaini au zaidi, kipimo chako ni arobaini. Changu ni 39. Cha Daktari Yolanda Arvizu, wa chumba cha jirani, ni 39. Ijumaa ya tarehe 21 kamati itaamua nani kati yetu abaki na maabara ya ghorofa ya tatu, ile ya milango miwili isiyopitisha hewa. Mirija yangu 2,100 ya kuvu imo humo. Nje ya maabara hiyo siruhusiwi kufungua hata kizibo kimoja.

Makala yangu ya vumbi, ya mwaka 1998, imetajwa mara 39. Nahitaji nukuu moja. Moja tu!

Jumanne, 4 Machi

Nimepita vyumba vyote nikigawa nakala. Watu sita wameahidi kuisoma wakipata nafasi. Mmoja aliitumia kuzuia mlango usijifunge.

Arvizu alinikuta kwenye mashine ya kahawa. Akauliza, eti Mzee Norbert, ni kweli unaomba nukuu mlango kwa mlango kama jirani aliyeishiwa chumvi? Nikamjibu kwamba nasambaza maarifa. Akasema basi na yeye nimwachie kijiko kimoja. Watu walicheka. Sikuona sababu.

Alhamisi, 6 Machi

Neema! Mhariri wa jarida moja ameniletea makala niihakiki. Inahusu vumbi na homa ya bonde. Majina ya waandishi yamefutwa, na langu hawatalijua. Ndiyo desturi yetu: msomaji wa siri humhukumu mwandishi wa siri, na haki hutendeka gizani.

Kazi safi, nakiri. Lakini Haugstad 1998, ile makala yangu ya vumbi, haimo! Nikaandika kwamba makala hii haifai kuchapishwa mpaka waandishi waitaje kazi hiyo ya msingi ya Profesa Haugstad. Kutaja tu hakutoshi. Waijadili kwa kina.

Mke wangu Verna akauliza kama huko si kujipigia debe. Nikamweleza kwamba debe linapigwa na msomaji asiyejulikana. Akaniambia mume wangu, debe ni lile lile. Verna alifundisha muziki. Sayansi ina taratibu zake.

Jumatano, 19 Machi

Makala imerudi, imesahihishwa. Kurasa nane zimeongezeka! Nikaenda moja kwa moja kwenye orodha ya marejeo. Namba 27: Haugstad, N., 1998. Nikaidhinisha. Dakika nne. Waandishi wameambatisha barua ya kumshukuru msomaji wa siri kwa pendekezo lililobadilisha kazi yao yote. Adabu kama hiyo imekuwa adimu siku hizi.

Alhamisi, 20 Machi

Imetoka mtandaoni asubuhi. Saa kumi jioni hesabu yangu ikasoma 40. Arobaini! Nimewapelekea wanakamati nakala ya makala, namba 27 nimeipaka rangi ya njano, pia kila mahali jina langu linapotokea. Limetokea mara ishirini na mbili. Sikuwa na muda wa kusoma yaliyoandikwa katikati.

Ijumaa, 21 Machi

Mkuu wa kitivo, Marjorie Stubblefield, ndiye aliyekuwa na muda. Alisoma kwa sauti, polepole, akifuata rangi yangu ya njano.

Waandishi walikuwa wameomba sampuli zangu za 1998 kutoka hifadhi ya chuo, wakazipima upya. Si kuvu wa homa ya bonde. Ni ukungu wa mkate. Maelezo yangu mwenyewe yanasema nilibeba vumbi kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Sikusema kwamba vilikuwa vya chakula changu cha mchana. Wao wamesema.

Kisha majina ya waandishi. La kwanza: Y. Arvizu.

Mkuu alisema katika miaka yake yote hajaona mtu akileta ushahidi dhidi yake mwenyewe akiwa ameupaka rangi. Maabara imekwenda kwa Arvizu, na mirija yangu yote pamoja nayo. Nikitaka kuiona, nimwombe yeye.

Alinisubiri kwenye korido. Hakucheka. Alisema, Mzee, makala ile hakuna aliyeikumbuka, mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Msomaji wetu wa siri ndiye aliyeshikilia tuijadili. Akaniambia mirija ataitunza vizuri, nipite Jumanne. Nije bila mkate.

Verna alipika supu ya maharage. Baadaye akauliza kama nakumbuka ile methali ya kizuri chajiuza inavyomalizika. Nikasema naikumbuka.

Jumatatu, 24 Machi

Hesabu ya makala ya vumbi: 47! Wahadhiri wa mbinu za maabara wanaitaja kama onyo. Lakini mashine ya kuhesabu haiulizi umetajwa kwa heri au kwa shari. Sasa inatembea yenyewe. Kipimo changu ni 40, cha Arvizu ni 39. Kama kuna aliyeshindwa hapa, takwimu hazimwonyeshi.

Inayofuata kwenye foleni ni makala yangu ya 2004, ya panya. Imetajwa mara 40. Ikipata moja, na ile ya popo, yenye 39, ikipata mbili, natimiza 41. Na asubuhi hii mhariri ameniletea makala nyingine niihakiki. Ya panya. Majina yamefutwa.

La kufanya leo: kumwandikia mhariri kwamba Haugstad 2004 ijadiliwe kwa kina.