Mafuta Chini ya Trekta ya Baba

Jumatano, 28 Juni

Mshtuko kabla ya kahawa! Chini ya trekta ya Baba kuna dimbwi la mafuta, pana kama sahani ya chakula. Na zimebaki siku sita tu kabla ya gwaride la Nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani!

Marehemu Baba aliongoza gwaride miaka thelathini na moja, juu ya trekta hii hii ndogo ya bustani, ya mwaka 1968. Alituacha Januari. Mwaka huu kamati imenipa mimi usukani. Ila barabara kuu imewekwa lami mpya, na kamati imetangaza kuwa trekta inayodondosha mafuta haiingii. Ukaguzi Jumamosi. Nikikataliwa, anaongoza Gaylen, kaka yake mke wangu. Gaylen! Mtu anayepiga pasi ovaroli!

Nimefunika dimbwi kwa mchanga wa choo cha paka. Hakuna aliyeona.

Baadaye. Paka ameona. Amefurahi mno.

Alhamisi, 29 Juni

Ardis, mke wangu, anasema niioshe trekta, niikaushe, niinyunyizie poda, niwashe injini, kisha nitazame poda inaloa wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba mafuta yako chini, kwa hiyo panapovuja ni chini. Akaniuliza kama paa letu likivuja nitabomoa sakafu. Nikachukua spana. Nilikuwa na kazi.

Kwa saa saba nimelala chali. Nimebadilisha sili mbili, zile pete za kuzuia mafuta. Nimebakiwa na bolti tatu. Naona kiwandani waliweka za ziada.

Inavuja vilevile. Hapana, zaidi!

Nikanyoosha kidole nipapase mpira wa kupitishia mafuta, injini ikinguruma. Ardis akanichapa mkono kwa mwiko. Eti mafuta yenye shinikizo yakipenya kwenye tundu dogo huingia mwilini kama sindano, na watu hukatwa vidole. Asubuhi nilipapasa kila mahali! Nimehesabu vidole mara mbili. Kumi.

Ijumaa, 30 Juni

Nimepata wazo! Siwezi kuyazuia mafuta yasitoke, lakini naweza kuyazuia yasifike chini. Kabatini nimekuta trei ya kuokea, ya bati, kipimo chake hasa. Nimeifunga kwa waya chini ya tumbo la trekta. Haionekani mpaka mtu apige magoti, na kwenye kamati nzima hakuna mwenye magoti ya kupigia.

Gaylen kapita, eti kusalimia. "Vipi shemeji, mzee bado anajikojolea?" Nikamwambia trekta ni kavu kuliko mahubiri ya mchungaji wetu. Akaanza kuinama. Nikamvuta jikoni nikamlisha jibini mpaka akasahau alichofuata.

Jumamosi, 1 Julai

Sijui nianzie wapi.

Ukaguzi ulikuwa kwenye uwanja wa kanisa. Kila trekta ilisimama juu ya boksi lililokunjuliwa, nusu saa, mkono wa kunyanyulia mizigo, unaosukumwa na mafuta hayo, ukipandishwa na kushushwa. Boksi langu halikuwa na tone! Bi Mavis Oppegard, mwenyekiti wa kamati, miaka sabini na tisa, akanipa mkono wa pongezi. Kisha akapiga magoti. Magoti yote mawili! Kumbe aliwekewa mapya mwezi wa tatu!

Akachungulia. Halafu akasoma kwa sauti karatasi ya gundi iliyobandikwa chini ya trei: "OPPEGARD. TAFADHALI IRUDISHWE."

Akina mama wote wa hapa huandika majina chini ya trei wanazopelekea chakula kanisani na misibani. Mimi nimekula kwenye trei hizo miaka hamsini na tatu! Hii ndiyo trei ambayo Bi Mavis aliitumia kutuletea viazi vya kuoka siku tuliyomzika Baba. Ameitafuta tangu siku hiyo. Alikuwa amewashuku Wamethodisti, wale wa kanisa jingine.

"Verlyn," akasema, "baba yako angekuwa hai, leo angekufa."

Amenipa mpaka Jumatatu jioni niitengeneze. Gaylen alicheka mpaka akaegemea trekta yangu na kuchafua ovaroli. Hiyo ndiyo faraja pekee niliyopata leo.

Jumapili, 2 Julai

Baada ya ibada Mama kaniuliza kama kweli nitakuwa mbele. Ana miaka themanini na nane. Amenunua kiti kipya cha kukunja, akae mbele ya benki, aione trekta ikija na mmoja wetu juu yake. Nikasema ndiyo, Mama. Sauti ilitoka nyembamba kama ya panya.

Nimerudi nyumbani nikaketi juu ya ndoo, nikaitazama trekta. Ardis akaja na brashi, sabuni na poda yangu ya miguu. Akaosha. Akakausha. Akanyunyiza mpaka trekta ikawa kama keki ya harusi. Akawasha, akapandisha mkono na kuushusha mara mbili. "Sasa tazama palipoloa juu kabisa," akasema. "Huko chini achana nako."

Chini ya kiti! Nati moja ya bomba! Mafuta yalikuwa yakitelemka taratibu kwenye fremu, nami nilibomoa kila kitu kule yalikoishia. Ndani ya nati mpira wa duara, mdogo kuliko pete yangu ya ndoa, umekauka na kupasuka. Akachukua mwingine kwenye kopo la vipuri la Baba, akaufunga, akakaza. Dakika ishirini na tano!

"Imetosha," akasema. "Usiiguse tena."

Jumatatu, 3 Julai

Nimepita! Boksi jeupe, la haki kabisa. Bi Mavis alipiga magoti mara mbili, nadhani sasa anajionyesha tu. Nimemrudishia trei yake. Akainusa, akasema ataitumia kunipikia mimi peke yangu.

Jumanne, 4 Julai

Asubuhi. Nati ile imenikosesha raha. Nimeikaza robo mzunguko, kwa usalama tu. Ikalia kidogo. Sauti ya kitu kukaa vizuri.

Mchana. Naandika nikiwa na mafuta masikioni.

Tulianza vizuri! Bendera, kisha mimi, kisha bendi ya sekondari yenye suruali nyeupe. Mbele ya benki Mama akasimama. Nikanyanyua mkono wa trekta kumsalimia, kama Baba alivyokuwa akifanya. Nati ikapasuka. Sikujua mafuta yanaweza kwenda juu! Tarumbeta zikanyamaza kwanza, halafu ngoma. Lami mpya! Bi Mavis akafunika macho kwa bendera yake.

Trekta ikagoma. Gaylen akanifunga kamba akanikokota kwa trekta yake mpaka mwisho wa njia, akipungia watu mikono. Kwa hiyo ameongoza yeye. Mama kasema gwaride hili limeyapita yote thelathini na moja ya Baba.

Jumatano, 5 Julai

Ardis kaniuliza kama nimejifunza. Nimemjibu kwa moyo wangu wote kwamba nimejifunza: kisichovuja sikigusi.

Kamati imeniamuru nifue suruali kumi na sita za bendi. Mashine inafua vizuri, haina shida yoyote. Ila nyuma, pale bomba la maji linapoingia, naona kama unyevu. Labda ni jasho. Ardis kaenda kwa Bi Mavis kuomba radhi na hatarudi karibuni. Nimeshaleta spana.